Shajara ya mradi: kutafuta muziki wa kuandikia

Siku ya 1

Nina riwaya fupi itakayokuwa na sura 12. Tatu zimekwisha. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiandika huku nikisikiliza chochote kilichokuwa karibu, na kuanzia leo nataka kuchagua kwa makusudi. Lengo ni kufika mwisho wa rasimu nikiwa na orodha fupi ya muziki wa ala tupu ambao nikiuwasha, sikio linatulia na mkono unaendelea na kazi. Nitaandika humu kila ninapojifunza jambo, si lazima kila siku.

Sababu ya kutaka muziki ni kwamba kimya cha kweli sina. Kuna milango, kuna simu, kuna watu wanaozungumza upande wa pili wa ukuta, na maneno ya watu ndiyo yanayoniumiza zaidi. Ukimsikia mtu akisema "nilimwambia asiende", sentensi yako imekwisha. Unataka kujua nani asiende wapi. Muziki nautaka uwe pazia kati yangu na maneno hayo.

Siku ya 2

Nimeanza kwa kuacha mazoea niliyoyapenda. Kwa muda mrefu niliamini kwamba wimbo wa lugha nisiyoijua ni sawa na muziki wa ala: ikiwa sielewi, basi hayo si maneno, ni sauti tu. Leo nimesoma kuhusu jaribio la Colle na Welsh la mwaka 1976. Watu walionyeshwa herufi wakatakiwa kuzikumbuka kwa mfuatano wake, huku pembeni ikisikika sauti ya mtu akisoma Kijerumani, lugha wasiyoijua. Walikosea zaidi kuliko walipofanya kazi hiyohiyo bila sauti ile. Mwaka 1989 Salamé na Baddeley wakapima muziki, wakaona kwamba muziki wenye kuimbwa huvuruga kukumbuka tarakimu kuliko muziki wa ala.

Najua kukumbuka herufi si kuandika riwaya. Lakini mahali panapoguswa ni palepale. Maelezo yao ni kwamba akili ina sehemu inayoshikilia maneno kwa sekunde chache, kama mtu anayejisemea moyoni asisahau, na sauti ya usemi huingia humo bila kubisha hodi, iwe inaeleweka au haieleweki. Sentensi zangu zote hupita humo kabla hazijafika kwenye karatasi. Kila moja naisema moyoni, naipima, naigeuza, ndipo naiandika. Sasa naelewa kwa nini nikiandika na nyimbo hupoteza mwisho wa sentensi nikiwa katikati yake.

Nimezitoa nyimbo zote kwenye orodha, hata zile nisizoelewa neno.

Siku ya 3

Rafiki yangu aliyesikia habari za mradi huu amenishauri nisikilize Mozart kwa sababu "huongeza akili". Jambo hilo lilitokana na utafiti wa Rauscher, Shaw na Ky uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1993. Wanafunzi wa chuo walisikiliza sonata ya Mozart ya piano mbili kwa dakika 10, kisha wakafanya vizuri zaidi katika maswali ya kupima maumbo, na faida hiyo ikadumu kama robo saa tu. Hakuna aliyepimwa akiandika. Mozart atapimwa kwenye meza yangu kama wengine.

Siku ya 5

Nilipakua taarabu iliyopigwa kwa ala tupu. Udi, kanuni, fidla, nai. Nilidhani nimefika. Kabla sijamaliza aya ya kwanza ya sura ya 4 nikajikuta naimba. Ala zilikuwa zinapiga lahani za nyimbo ninazozijua tangu utotoni, na maneno yakaja yenyewe ubeti kwa ubeti, kitikio na yote.

Kwa hiyo kuwepo au kutokuwepo kwa mwimbaji si kipimo. Kipimo ni kama kichwa changu kina maneno ya kuyaweka pale. Lahani ya wimbo ninaoujua huniimbia hata mwimbaji akiondolewa, na pengine ni mbaya zaidi, maana sasa mwimbaji ni mimi.

Bashraf, kipande cha taarabu cha ala tupu, ni habari nyingine. Haikutungwa iimbwe. Imetokana na peşrev, umbo la muziki wa ala la enzi za Milki ya Osmani, ambalo kwa kawaida huwa na sehemu nne, na baada ya kila sehemu hurudi kipande kilekile. Sikio linatoka, linatembea kidogo, linarudi nyumbani, linatoka tena. Nimeandika na bashraf tatu mfululizo na sikuinua kichwa isipokuwa mwanzoni mwa kila moja. Ubaya wake ni ufupi. Kila inapoisha nakumbuka kwamba nilikuwa nasikiliza muziki. Nimeiweka orodhani, kwa ajili ya barua na kazi ndogondogo.

Siku ya 9

Siku nne bila ukurasa hata mmoja. Nimejiuliza muda umekwenda wapi, na jibu halikunifurahisha: umekwenda kwenye kuchagua. Nafungua programu ya muziki, nasikiliza dakika moja ya hiki, nusu dakika ya kile, huyu piano yake ina mwangwi mno, yule gitaa lake linakwaruza, na saa yangu ya kuandika imekwisha. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mradi: muziki wa asubuhi huchaguliwa usiku wake, na ukishawashwa haubadilishwi mpaka uishe, hata nikiuchukia. Kanuni ya pili imetokana na hiyo. Programu ikiachiwa ichague yenyewe kinachofuata, huleta kitu kipya kila dakika nne, na kitu kipya ni mgeni, na mgeni lazima umtazame. Nitatumia albamu nzima, au kipande kimoja kirefu, kilichopakuliwa kabisa ili tangazo la biashara lisije likaingia katikati.

Siku ya 12

Leo ilikuwa zamu ya wale waliotunga muziki kwa nia ya kwamba usisikilizwe sana, na nimefurahi kugundua kwamba shida yangu ina historia.

Erik Satie, Mfaransa, mwaka 1917 alianza kutunga vipande alivyoviita muziki wa samani: uwepo chumbani kama kiti au kabati, bila kudai utazamwe. Ulipopigwa Paris mwaka 1920, wakati wa mapumziko ya mchezo wa kuigiza, watu wakarudi vitini wakanyamaza kusikiliza, na Satie akawa anawahimiza wazungumze na watembee. Nawaelewa hadhira wale. Ukiniambia nisisikilize, nitasikiliza.

Brian Eno alilitatua jambo hilo vizuri zaidi mwaka 1978 katika albamu aliyoitunga kwa ajili ya viwanja vya ndege. Kwenye mojawapo ya vipande vyake alichukua noti chache zilizoimbwa, akaziweka kwenye kanda zilizounganishwa ncha kwa ncha ili zijirudie, na kila kanda akaipa urefu wake. Noti moja hurudi kila baada ya sekunde 23 na nusu, nyingine karibu 26, nyingine karibu 30. Kwa kuwa urefu haulingani, noti hukutana kila mara kwa namna tofauti. Hakuna mstari wa kuufuata, wala hakuna kishindo kinachokungoja mbele. Unajua kitakachokuja ni cha aina gani, ila hujui kitakuja lini, na baada ya muda unaacha kubahatisha.

Niliandika saa moja na dakika kumi na kipande cha kwanza, cha piano, ambacho kina kama dakika 17, kikijirudia. Sauti za binadamu kwenye kipande kile cha noti ndefu zilinivuta kidogo, ingawa hazisemi neno. Nimebaki na cha piano.

Siku ya 15

Kora, ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi. Nilikuwa naitazamia siku hii. Nimesikiliza albamu ya Kaira ya Toumani Diabaté, iliyotoka mwaka 1988: mtu mmoja na ala moja, nyuzi 21, vidole vinne tu, gumba na cha shahada vya kila mkono. Ukifumba macho ungeapa kwamba ni watu watatu.

Nilipoandika nayo lilinitokea jambo la ajabu. Dakika nyingi mkono ulikwenda vizuri kuliko siku yoyote, kisha ghafla ukasimama, kisha ukaendelea, kisha ukasimama. Niliporudi kusikiliza bila kuandika nikaelewa. Wapigaji wa kora wana kumbengo, mviringo wa noti unaojirudia na kubeba kipande chote, na wana birimintingo, pale mpigaji anapoacha mviringo akarusha noti za haraka kutoka juu kwenda chini, kama maji yaliyomwagwa kwenye ngazi. Kumbengo inaniachia niandike. Birimintingo inaniita jina langu. Kila niliposimama, ilikuwa pale.

Hiki ndicho kipimo nilichokuwa nakitafuta, kwa sababu sasa naweza kukitumia kwa muziki wowote kabla sijauleta mezani: ndani yake mviringo ni mwingi kiasi gani, na mirusho ni mingi kiasi gani? Ndiyo maana saksafoni za jazi, ninazozipenda kwa moyo wote, zimenishinda kuandika nazo. Mpiga saksafoni mzuri anazungumza. Haimbi maneno, lakini anauliza na kujibu, anavuta pumzi palepale mtu anapovuta pumzi akiongea.

Kora sikuitoa. Nimeamua kuizoea. Kwa wiki nzima nitaisikiliza nikifanya kazi nyingine, mpaka nijue kila mrusho unapokuja. Kinachoniinua kichwa ni mshangao, na mshangao huisha kwa mazoea.

Siku ya 20

Mazoea yamefanya kazi. Siku ya nne ya kuisikiliza, mirusho ya kora imekuwa kama milango ya nyumba ya jirani: naisikia na siisikii. Kwa hiyo kanuni ya tatu: hakuna muziki unaoingia mezani kabla haujasikilizwa mara tatu kamili mahali pengine.

Wiki hii pia nilijaribu Music for 18 Musicians ya Steve Reich, ya mwaka 1976. Ni karibu saa nzima ya mapigo yasiyokatika, marimba na piano na sauti, kipande kinachojigeuza polepole kama mwanga unavyohama ukutani. Niliandika kurasa nyingi kuliko siku yoyote ya mwaka huu. Sura ya 6 ilikwisha kwa vikao viwili.

Kisha nikampa rafiki yangu mwandishi aisome. Alirudisha kurasa akaniuliza: "Hapa ulikuwa unakimbizwa na nani, ndugu yangu?" Nilizisoma tena nikaona. Sentensi zote zina urefu mmoja. Mzee akainuka. Akafungua dirisha. Akatazama barabara. Hakukuwa na mtu. Akakaa. Nilikuwa naandika mapigo ya marimba, si mwendo wa mzee mwenye miaka sabini na kitu ambaye magoti yanamuuma.

Reich atabaki kwa kazi moja: kuorodhesha matukio ya sura kabla sijaiandika. Pale kasi inafaa na hakuna sentensi ya kuharibu.

Siku ya 24

Leo mradi umegeuka.

Sura ya 7 ndiyo ile ambayo mzee, mtengeneza saa, anafunga karakana yake kwa mara ya mwisho. Niliiandika jana usiku nikisikiliza muziki wa filamu, fidla nyingi zikipanda polepole. Niliona kwamba tukio ni la huzuni, nikachagua muziki wa huzuni, kama mtu anavyochagua nguo ya msibani. Kurasa nne bila kuinuka. Alipozima taa, machozi yalinitoka. Nikalala nikiwa na hakika kwamba sijawahi kuandika vizuri hivyo.

Leo asubuhi nimeisoma bila muziki. Mzee anafuta meza. Mzee anatazama ukuta. Mzee anahisi "huzuni kubwa moyoni", nimeandika hivyohivyo, na nikaridhika nayo. Hakuna saa hata moja iliyotajwa umbo lake. Hakuna mafuta kwenye ncha za vidole, hakuna kikuza-macho anachokibana jichoni, hakuna saa ya mteja ambaye hakurudi kuichukua. Nilichokililia jana hakikuwa kwenye karatasi. Kilikuwa kwenye fidla. Zenyewe ndizo zilizolia, mimi nikadhani ni sentensi zangu.

Nimekaa na jambo hili asubuhi yote, na sidhani kwamba muziki ule ni mbaya. Muziki wa filamu hutungwa kwa kazi hiyo hasa. Picha inaonyesha mtu amesimama dirishani, na muziki unamwambia mtazamaji mtu huyo anahisi nini. Picha ikipungua, muziki unaijaza. Mezani kwangu ulifanya kazi yake kwa uaminifu: ulijaza kila nilipopunguza. Msomaji wangu hatakuwa nao. Atakuwa na karatasi, na mzee anayefuta meza bila sababu.

Nilipopata ujasiri nikarudi sura za nyuma. Ya 4 na ya 5, zilizoandikwa na bashraf na Eno, zimesimama. Zina makosa, lakini makosa yake yanaonekana. Ya 2, ambayo niliiandika kabla ya mradi na nyimbo za mapenzi masikioni, ina aya mbili ambazo sijui nilikuwa nasema nini. Nahisi zilikuwa zinamjibu mwimbaji.

Siku ya 25

Kanuni ya nne, na hii ndiyo ya kudumu. Muziki wa kuandikia usiwe na hisia ya tukio ninaloandika. Kama tukio ni la huzuni, muziki uwe wa kawaida, wa kazi, usio na upande. Hisia yote nilazimike kuitafuta kwa maneno.

Kanuni ya tano: kuhariri ni kimya, na kwa sauti ya mdomo wangu. Sentensi ina mapigo yake, na mapigo hayo husikika tu pasipo mapigo mengine. Kimya nilichosema sina, nimekipata saa kumi na moja alfajiri, kama dakika arobaini. Zinatosha kurasa tatu.

Siku ya 31

Bach, vipande vya Goldberg, vilivyochapishwa mwaka 1741. Nilivikwepa kwa wiki nne nikiamini ni muziki wa kukaa kitako na kusikiliza. Kumbe ndio uliofaa kuliko yote. Unaanza na aria, vinafuata vipande 30, kisha aria ileile inarudi. Vipande vyote vimejengwa juu ya msingi mmoja wa sauti za chini, kwa hiyo juu kila kitu hubadilika na chini hakibadiliki kitu. Ni kumbengo kwa njia nyingine.

Nimejaribu rekodi mbili za Glenn Gould. Ya mwaka 1955 ina dakika 38 hivi, inakwenda mbio, na nilipoiandikia nikakimbia nayo. Ya mwaka 1981 ina dakika 51 hivi, na mwendo wake ndio mwendo wangu. Tatizo pekee ni kwamba Gould anasikika akiguna lahani anapopiga. Siku mbili za kwanza nilimsikia kila mara. Siku ya tatu akawa sehemu ya piano.

Kipande cha 25 nimekitoa. Ni kirefu, cha polepole, na ni cha huzuni kwelikweli. Kila kinapofika, naanza kuandika huzuni ambayo haimo kwenye sura.

Siku ya 33

Sauti chini. Nilikuwa naiweka juu ili izibe maneno ya watu, na masikio yalichoka kabla ya kichwa. Sasa naiweka pale ambapo nikinyamaza kabisa ndipo naisikia vizuri, na maneno ya ukuta wa pili yanageuka mvumo. Mtu akinena nasikia kwamba kuna mtu, sisikii anachonena. Panatosha.

Siku ya 40

Sura 9 zimekwisha. Orodha, iliyoanza na mamia, sasa ina vitu vitano: piano ya Eno, kora, Goldberg ya 1981 bila kipande cha 25, bashraf kwa barua, na Reich kwa kuorodhesha matukio. Mozart alipewa nafasi yake kama nilivyoahidi. Nilimsikiliza badala ya kuandika, kila mara, na nitaendelea kumsikiliza jioni nikiwa sina kalamu.

Sura ya 7 nimeiandika upya na Goldberg, nikaihariri alfajiri tatu kwenye kimya. Maneno "huzuni kubwa moyoni" hayamo tena. Mzee anafunga karakana, na kwenye ndoano imebaki saa moja ya mkononi ambayo mwenyewe hakuirudia. Anaijaza ufunguo, anairudisha kwenye ndoano, anazima taa.

Nilimpa rafiki yangu aisome bila kumweleza chochote. Ameirudisha leo mchana. Mwendo wa sentensi hakuutaja. Aliuliza jambo moja tu: "Mwenye saa alirudi?"

Sijamjibu. Jibu liko kwenye sura ya 11, ambayo bado sijaiandika. Kesho naanza ya 10, na kora nimeshaiweka tayari.